Winga Aliyeniita Beki Tatu

Sitamtaja jina. Alikaa jirani yangu hapa Kasulu miaka mingi, akala kwangu, akalia kwenye msiba wa mama yangu kuliko wajomba zangu wenyewe, na miaka yote hiyo jina langu hakulitia mdomoni hata kwa bahati mbaya. Basi ngoma droo. Hapa ataitwa Winga. Anayemjua atamjua, na asiyemjua hajapungukiwa na kitu.

Wanaomsifu ni wengi. Ukifika Kibondo ukawakuta watu wazima wa mpira wamekaa, wachokoze kidogo tu, sema vijana wa siku hizi wana mbio. Watakurukia. Watakuambia mguu wa kulia kama ule haujaota tena katika nyanda hizi, tangu Kakonko mpaka ziwani. Mimi huwaacha wamalize, kisha nawauliza swali moja: alikuwa anampita nani? Maana sifa za winga haziokotwi njiani. Ili asifiwe lazima awepo mtu wa kupitwa, na mtu huyo nilikuwa mimi. Yeye alikuwa namba saba wa Kibondo, mimi namba tatu wa Kasulu, beki wa kushoto. Chenga zote mnazozisimulia mkiwa mmeshiba, nilizila mimi.

Umbo la mchezaji hakuwa nalo. Miguu ilikuwa imepinda kidogo kwa nje, mabega yamelala, na mpira ukiwa mbali alitembea kando ya chaki ameshika kiuno kama mtu anayemtafuta mbuzi wake aliyekata kamba. Ukimwangalia ulimwonea huruma. Ulijiambia, huyu leo anaumwa, ngoja nimsaidie kiungo wangu kidogo huko katikati. Ulipogeuka kurudi, alikuwa ameshapiga krosi na watu wako wanaokota mpira wavuni.

Chaki aliiita mke wake. "Siachi ubavu wake," alikuwa akisema, "mkiniona katikati ya uwanja mjue tumeachana." Na kuhusu miguu yake alikuwa na msemo ambao mpaka leo vijana wanaurudia bila kujua umetoka wapi: wa kushoto ni mama, wa kulia ni baba, mama anatuliza, baba anachapa. Alipenda misemo, na alipenda zaidi kuona watu wanaicheka. Sijapata kuona mtu mwenye njaa ya kuchekewa kama yule. Alikuwa radhi aharibu kitu kizima ili mradi watu wawili walio karibu wacheke. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililoniua.

Lakini kwanza chenga yake kubwa. Watu wa mbali hudhani ilikuwa ya miguu. Haikuwa ya miguu, ilikuwa ya mdomo. Sisi Waha tumelelewa na salamu. Mtu akikujulia hali, hata kama una mzigo kichwani na mvua inakunyeshea, unasimama, unaitika, unaulizia nyumbani kwake, naye anaulizia kwako. Kunyamaza ni tusi. Winga alilijua hilo. Alikuja na mpira taratibu, akasimama mbele yangu kwa heshima zote, akaniuliza, "Amakuru?" Habari za nyumbani, mama hajambo? Na mimi, mtoto wa watu niliyefunzwa adabu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Ni meza," yaani ni njema. Kabla sijafunga mdomo alikuwa amenipiga tobo, uwanja mzima wa Nyakitonto umelala chini kwa kicheko. Uwanja ule umeinama kuelekea bondeni, na yeye daima alichagua kushambulia kwa kushuka. Ukishapitwa pale, hata miguu ya farasi haikusaidii.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa kutoka Singida, hakujua Kiha, hakuelewa tunalogwa na nini. Alipoelezwa akapiga marufuku. "Marufuku kumwitikia! Akikusalimia, mwangalie mpira." Mechi iliyofuata nikatii. Winga akaja, akanisalimia, nikanyamaza kimya, nikamnyang'anya mpira safi kabisa. Nilijiona mfalme. Kumbe mama yangu alikuwa amekuja kuangalia kwa mara ya kwanza maishani mwake, amesimama palepale kwenye mstari na kanga yake.

"Weye mwana!" akapaza sauti. "Mwenzako anakusalimia unanyamaza? Nilikuzaa bubu?"

Baada ya mechi aliapa hatanipakulia ugali mpaka niende kumwomba radhi. Nikaenda kwenye lori la Kibondo, mbele ya wenzake wote, nikamsalimia. Aliitika kwa sauti tamu kama mhubiri, akaulizia nyumbani, mashamba na kuku. Wenzake walikuwa wanauma mashati yao wasicheke. Siku hiyo tulishinda sisi, na hakuna anayeikumbuka.

Walijaribu kumkwepa wengine pia. Tulipoenda kucheza kwenye kambi ya wakimbizi, barabara ya Makere, Wakongomani walimpanga beki mmoja mrefu ambaye Kiha hakijui kabisa. Tukasema leo Winga kapatikana, na ingawa siku hiyo tulikuwa timu moja, teule ya mkoa, mimi niliomba Mungu akwame. Alimsogelea yule beki akamwambia, "Jambo yako, papa!" Beki akajibu, "Jambo sana!" Kwisha. Mzee mmoja wa Kikongo nyuma yangu akashika kichwa akalia, "Aki! Ailier ule atatumaliza leo!" Ndivyo wanavyomwita winga kwa Kifaransa chao. Nilicheka na mimi. Ndiyo, nilicheka. Alikuwa anachekesha, na hilo ndilo linaloudhi.

Habari za huko alikokwenda baadaye ninazo za redioni tu. Kigoma mjini walimchukua, kisha Tabora, kisha klabu kubwa ya Dar es Salaam. Jioni tukipukuchua maharage, mtangazaji alikuwa akipiga kelele, winga teleza, winga teleza, watu wa Kigoma oyee, na mke wa kaka yangu ananitazama kwa jicho la pembeni anauliza, "Si ndiye yule aliyekuwa anakuchezea?" Timu ya taifa walimwita mara moja. Hakuingia. Alipasha misuli kipindi cha pili chote, filimbi ya mwisho ikapigwa yuko bado anaruka ruka kando ya uwanja. Sasa mtu mwingine hilo angelificha. Yeye alilifanya kuwa hadithi yake kuu. Aliisimulia ile kupasha misuli mpaka ukadhani yeye ndiye aliyefunga. "Jukwaa zima lilinisimamia," alikuwa akisema. Nilimuuliza siku moja, walikusimamia au walikuwa wanaondoka? Ni moja ya siku chache nilizomfunga bao.

Goti lilipokufa alirudi. Hakurudi Kibondo kwao, maana huko walimkumbuka akiwa na mbio na hakutaka wamwone anachechemea. Alikuja Kasulu, akajenga kiwanja cha pili kutoka kwangu, akafungua baa. Alirudi na koti lenye vifungo vya dhahabu na maneno ya mjini. Mojawapo ya maneno hayo lilikuwa langu.

Nieleze vizuri, kwa sababu vijana hawaelewi. Enzi zetu beki tatu ilikuwa beki tatu. Ni nafasi ya uwanjani. Jezi yangu ya namba hiyo mama aliifua kwa mikono yake na kuianika mbele ya nyumba ili watu waione. Huko mjini, wakati sisi hatuna habari, watu wakaligeuza neno. Beki tatu likawa jina la msichana wa kazi, yule wa kufua, kupika na kubeba watoto wa mwenye nyumba. Winga akalileta neno hilo Kasulu kama mtu anavyoleta mafua, na wa kwanza kupakwa nilikuwa mimi. "Beki tatu, lete maji!" ananiambia barazani kwake, mbele ya wateja, nami nimekuja kama jirani. Watu wanacheka, naye ameshiba kwa siku hiyo.

Niseme na mazuri yake, nisije nikaitwa mwongo. Upepo ulipong'oa bati zangu, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na ngazi, goti bovu na vyote. Mama alipougua, Winga alimbeba mgongoni mpaka barabarani kwa sababu gari lilikuwa limezama kwenye tope, na mama alikufa akimbariki. Kanisani aliimba sauti ya nne na macho ameyafumba. Uwanjani hakuna beki aliyemrudishia rafu, na mimi nilimpiga nyingi. Ukimpiga anainuka, anajikung'uta vumbi, anakusaidia na wewe kuinuka. Mtu ambaye hakuna binadamu aliyeweza kumkamata, lakini akiona mbwa anaganda kama mti! Basi mtu wa namna hiyo unamchukiaje? Nawaambia, inawezekana. Ni kazi, inahitaji moyo, lakini inawezekana.

Chenga nimemsamehe. Baa na kejeli zake ningemsamehe. Titye sisamehe.

Palikuwa na binti wa kijiji cha Titye, muuza tangawizi sokoni. Tulipatana. Kwao wakakubali tuje kuposa. Msemaji halali alikuwa baba yangu mdogo, lakini baba mdogo akikaa mbele ya wakwe anapata kigugumizi, na ukoo ukasema, kwani si tuna Winga, mtu aliyezungumza redioni, mwenye koti? Mimi nikakubali. Kwetu mposaji hasemi kitu siku hiyo. Anakaa na mikono magotini, anasemewa. Ukifungua mdomo umeonyesha huna watu.

Chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati, mirija ikachomekwa, baba wa binti akanywa, sisi tukanywa. Mambo yakaenda vizuri. Kisha shangazi wa binti, aliyekuwa amekaa Dar es Salaam na mumewe kwa miaka, akauliza swali ambalo kila shangazi huuliza.

"Na kijana wenu anafanya shughuli gani?"

Nilikuwa fundi seremala. Nilikuwa na kahawa shambani. Neno moja tu lilitakiwa.

"Huyu?" Winga akasema, akanipiga begani. "Huyu ni beki tatu wangu wa siku nyingi."

Shangazi akakaa sawa. "Beki tatu?"

"Beki tatu. Nimemfundisha kazi mwenyewe."

"Kwa hiyo kwako anafua, anapika?"

Hapo ndipo angesimama. Alimwona usoni yule mama, alijua anaelewa nini, kwa sababu neno ni la kwao wote wawili, la mjini. Lakini vijana wawili wa upande wa binti walikuwa wameanza kucheka kule mlangoni, na Winga hakuwahi kuona kicheko akakiacha kipite.

"Anafua, anapika, na watoto anabeba," akasema. "Hachoki huyu."

Baba wa binti Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Akamwinamia dada yake amfasirie. "Umuboyi," shangazi akamwambia. Boi wa nyumbani. Mzee akanitazama. Mimi mikono magotini, ulimi umefungwa na mila. Nikamtazama Winga. Alikuwa bado anacheka na wale vijana.

Baba mdogo akajitosa, maskini, na kigugumizi chake. "N-ni mambo ya mpira, mzee. Beki tatu ni yule... ni yule anayepitwa."

"Hata anayepitwa simutaki," mzee akasema polepole, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Mwana wanje simupi boyi wa mutu." Akachomoa mrija wake kwenye chungu akaulaza chini. Kwetu mwenye nyumba akishachomoa mrija, maneno yamekwisha.

Tulirudi hivyohivyo mpaka karibu na mjini. Kisha Winga akaniambia, "Usinune bwana, beki. Si uliona walivyocheka?" Alikuwa anasema kweli ya moyo wake. Kwake yeye siku ilikuwa imekwenda vizuri.

Binti aliolewa na mwalimu aliyepangiwa kazi kule kutoka Mbeya, uhamisho ulipokuja wakaondoka wote. Mimi nilioa baadaye, na simtukani mke wangu kwa kusimulia haya. Yeye mwenyewe hutania kwamba Winga ndiye mshenga wake. Lakini neno lilibaki. Lilitoka Titye likanifuata sokoni na kanisani. Watoto wangu waliulizwa shuleni kama baba yao amemaliza kufua.

Nilichotaka kwake kilikuwa kidogo. Nilitaka arudi Titye na chungu, aseme mbele ya yule mzee kwamba sikuwa mtumishi wa mtu. Nilitaka, mara moja tu, mbele ya wateja wake, aniite jina langu nililobatizwa. Nilituma wazee. Aliwakaribisha, akakiri yote, akasema Jumapili ataenda Titye. Zilipita Jumapili mpaka yule mzee akazikwa. Kuhusu jina alishangaa kweli. "Hilo jina limekosa nini? Mbona mimi mnaniita Winga na silii?" Jibu ninalo sasa: yeye jina lake lilimtangulia kwa makofi, langu kwa kicheko.

Basi nikasomea uamuzi wa soka. Watu husema nilipenda mpira. Nilipenda kibendera. Maveterani wa Kasulu walikuwa na mechi zao za mwisho wa mwezi, na Winga, goti lake likiwa limefungwa kitambaa, bado alicheza kulia kando ya mke wake chaki. Mwamuzi msaidizi naye hukimbia kando ya chaki. Siku ya kwanza aliponiona pale na kibendera alifurahi sana. "Amakuru?" Nikamwitikia kwa ukamilifu, nikaulizia nyumbani, kuku, kila kitu. Kisha mpira ukapigwa mbele, akachomoka, nikanyanyua kibendera. Ameotea.

Alipochomoka tena, ameotea. Na tena. Wanaosema nilimwonea hawajui sheria. Kuotea ni kuotea, hata kwa ukucha. Inawezekana mara nyingine ukucha wenyewe niliuona mimi peke yangu, lakini mwenye kibendera nilikuwa mimi. Misimu mizima hakufunga bao upande wangu. Nilikuwa nikirudi nyumbani naimba. Na yeye? Nilimngoja apige kelele, anitukane, nipate na mimi cha kumshtakia. Alipiga makofi. Washabiki wakinizomea anawageukia: "Mwacheni beki tatu wangu afanye kazi yake." Wakacheka, akashiba. Nikamnyanyulia tena.

Kiharusi kilimpata asubuhi akiwa anapiga mswaki uani. Upande wa kulia wote ukaenda, mkono, shavu, na ule mguu. Nilipoambiwa nilisema moyoni kwamba Mungu naye amenyanyua kibendera. Sijalifuta neno hilo.

Binti yake ni mwalimu. Alikulia kwa mama yake Dodoma, hayajui mambo yetu ya zamani, na tangu alipoanza kuja likizo mimi alinijua kwa cheo changu kipya: Refa. Aliomba uhamisho, akapewa shule ya Kibondo, akamchukua baba yake akamrudisha kwenye nyumba ya ukoo kule. Mwaka ukapita. Kisha akanipigia simu. "Shikamoo Baba Refa. Ukipangiwa mechi huku, pita umwone mzee. Haeleweki." Nikapangiwa. Nikapanda pikipiki, na njia nzima nilikuwa nayapanga moja moja maneno niliyoyahifadhi tangu Titye. Sasa hana baa, hana wa kumchekea. Ataniita jina langu.

Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti yake ilikuwa ileile, ya besi ya kanisani.

"Beki tatu! Beki tatu!"

Nikasimama pale mlangoni. Binti yake akanishika mkono. "Usishtuke, Baba Refa. Ndilo neno pekee lililobaki. Daktari alisema akili na masikio ni mazima, ila maneno yameondoka, kwa wengine hubaki moja. Kwake likabaki hilo. Usiku na mchana beki tatu. Basi tukasema mzee anataka msichana wa kazi, tukamtafutia."

Msichana mwenyewe alikuwa mama mzima, ametokea Kagerankanda, familia ya waliokuja kutoka Burundi zamani. Alikuwa ameshika kikombe cha uji. "Mie simuelewi muzee," akaniambia. "Ananiita, nikija ananisukuma na mukono. Nikitoka, ananiita."

Winga alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo, shuka limefika kidevuni. Aligeuza kichwa, akaniona, akanyamaza. Binti yake akasema hajawahi kunyamaza hivyo tangu hospitali, akaenda jikoni na yule dada kunichemshia chai. Tukabaki wawili. Mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya shuka ukashika mkono wa shati langu, na wala hakupaza sauti tena. Aliniambia taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Beki tatu."

Nilielewa palepale. Mtu huyu alikuwa amebakiwa na neno moja duniani, na neno lenyewe ni mimi. Kwa mwaka mzima alikuwa ananiita, wakamletea mfanyakazi wa ndani.

"Niite jina langu," nikamwambia.

Akajaribu. Siwezi kusema hakujaribu. Midomo ilivutwa upande, shingo ikatoa mishipa, jasho likamtoka. "Be... be..." Nikangoja. "Beki tatu." Machozi yakashuka kwenye jicho lile zima, na lile bovu pia. Nikamwambia tena, jina langu. Akatikisa kichwa, akakaza kushika shati.

Binti yake akarudi na chai. Akatuona. "Ametulia!" akasema. "Baba Refa, wewe umekaa naye miaka. Hebu niambie, anataka nini?"

Kulikuwa na jibu la maneno mawili. Ni mimi. Ningelisema, angetulia maisha yake yaliyobaki, na mimi ningekuwa nakuja kila nikipata nafasi, nakaa hapo kitandani, naitwa hilo jina mpaka mmoja wetu afe. Nilimtazama. Alikuwa ananisubiri niseme. Masikio mazima, akili nzima, ulimi umefungwa, anasemewa mbele ya watu wake.

"Anamtaka huyu dada," nikasema. "Ndiye aliyemzoea. Kumsukuma ni ugonjwa tu. Akiita, aje mbio, asimcheleweshe."

"Kumbe!" Binti akashusha pumzi. "Asante, Baba Refa. Mungu akubariki."

Winga hakulia. Alinitazama, kisha nusu ya uso wake iliyobaki ikacheka. Alicheka kabisa, kile kicheko chake, kama mtu aliyepigwa tobo safi na hawezi kukataa kwamba ni safi. Nilimbandua vidole kwenye shati, kimoja baada ya kingine, vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Chai sikuinywa.

Nikiwa uani natafuta ufunguo wa pikipiki, akaanza kuita. Si kwa upole tena. Akaita beki tatu, beki tatu, na yule dada akajibu "Abee!" akanipita mbio na kikombe, kanga inamdondoka. Niliwasha pikipiki ili nisiendelee kusikia. Mechi niliichezesha vizuri, hakuna aliyelalamika, na giza halijaingia nilikuwa nimefika Kasulu.

Mke wangu aliniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia anahudumiwa vizuri. Nilikula, nikalala, nilikuwa na furaha. Mtu asiniambie haikuwa furaha.